Subiri Niandike

Kesi yetu ya mirathi ilikuwa ikiangukia siku za giza. Kwa mtu asiyeishi na ziwa hili la Victoria maneno hayo yanasikika kama fumbo, lakini ni ratiba tu. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku usio na mwezi, kwa sababu dagaa hufuata taa. Mbalamwezi ikishakuwa kali taa haina kazi, mitumbwi inalala ufukweni, na wanawake wa mwaloni wanabaki kudaiana madeni na kusukana nywele. Giza ndiyo pesa. Mama alikuwa akinunua dagaa Igombe na Kayenze, anawaanika juu ya miamba, kisha anawapeleka Mwaloni Kirumba kwa wenye malori. Kila tarehe ya kesi ilipokuja ndani ya giza tulipoteza mzigo wa siku nzima, na mara tatu mfululizo tuliupoteza kwa kwenda kuambiwa kwamba jalada halionekani.

Nimeikumbuka kesi hiyo kwa sababu hivi karibuni nilikaa ukumbini hapa Mwanza kusikiliza mada kuhusu sifa za uongozi za majaji wanawake waanzilishi. Mtoa mada alikuwa na slaidi. Ujasiri. Uadilifu. Maono. Uthubutu. Nilipiga makofi kama wenzangu, nikala sambusa yangu, nikatoka na mashaka. Sifa hizo hizo ungeweza kumpa kocha wa mpira, askofu, au mwenyekiti wa saccos. Jaji ni kiumbe wa aina nyingine. Hana kampeni wala wafuasi. Hawezi kwenda redioni kuitetea hukumu yake. Hachagui kesi, kesi ndizo zinamfuata alipo, na nyingi ni za watu wasiojulikana wakigombea vitu vidogo. Sasa mtu wa namna hiyo anaongozaje?

Jibu nililonalo nililipata nikiwa na miaka 14, nimekaa kwenye benchi la mbao lenye msumari uliochomoza.

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi. Alifariki mwaka 2002, ugonjwa wa wiki mbili, na arobaini ilipofika ukoo ukakutana nyumbani kwetu Igogo. Nyumba yetu ilikuwa upande wa mlimani, kule ambako watu wa Mwanza tunajenga juu ya mawe kana kwamba tumegombana na ardhi tambarare. Kikao kilifanyikia sebuleni. Mama hakukaa kwenye kikao; alikuwa uani anakipikia. Mara moja tu aliitwa, akiwa na mkono wenye unga, akaambiwa asaini hapa na hapa, ni mahudhurio. Akasaini. Karatasi ile ndiyo ikawa muhtasari wa kikao cha ukoo, na muhtasari ulisema kwamba wote waliosaini wamempendekeza baba mdogo kuwa msimamizi wa mirathi.

Msimamizi si mrithi, hilo nimelijua baadaye. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake, kugawa, na kurudi mahakamani kutoa hesabu. Mahakama ya mwanzo inampa miezi minne na fomu zake za kujaza. Lakini mitaani kwetu msimamizi na mwenye mali ni mtu mmoja. Baba mdogo alipokuja na mafundi kupima vyumba vya wapangaji, mama akaelewa amesaini nini. Jirani yetu muuza vikapu ndiye aliyemwambia kwamba kuna kitu kinaitwa pingamizi.

Mahakama yenyewe sitaitaja. Lilikuwa jengo la bati, madirisha ya wavu, picha ya Rais Mkapa imeinama kidogo upande wa kushoto. Karani alikuwa kijana mtanashati mwenye namna ya kusema "jalada halionekani, mama" huku akiangalia mkoba wako. Mara ya tatu, mama alipokuwa ameshaanza kufungua pindo la khanga, mlango wa ofisi ya hakimu ukafunguka. Akatoka mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Akauliza ni nani huyu anayerudi kila mara. Hakufoka. Aliingia masijala mwenyewe, tukasikia makabati yakifunguliwa na kufungwa, akarudi na jalada letu na vumbi kwenye mkono wa koti. Akamwambia karani: "Lilikuwa chini ya kopo lako la chai." Basi. Siku hiyo hiyo shauri likasikilizwa.

Siku hizo mahakama ya mwanzo hakimu hakuwa akikaa peke yake, alikuwa akikaa na wazee wa baraza wawili. Wetu mmoja alikuwa mzee wa kofia aliyekuwa akisinzia tangu saa tatu. Lugha ni Kiswahili, na wakati ule mawakili hawakuwa wakiruhusiwa humo, kwa hiyo unabaki wewe na mdomo wako. Kwa baba mdogo hilo halikuwa tatizo. Alikuwa mzungumzaji, mtu wa kamati za harusi.

Hakimu alimuuliza mama: "Nyumba hii ilianza kujengwa mwaka gani?"

Baba mdogo akajibu. "Mheshimiwa, marehemu kaka yangu alinunua kiwanja mwaka..."

"Nimemuuliza mama."

"Ndiyo mheshimiwa, ila shemeji yangu huyu mambo ya ujenzi..."

Hakimu akaweka kalamu chini. Nakumbuka ile kalamu, Bic ya bluu, na sauti yake ilipogusa meza. Akamtazama baba mdogo kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana, kisha akamgeukia tena mama kama vile hakuna kitu kilichotokea katikati. "Nyumba ilianza kujengwa mwaka gani?"

Mama akaanza kusema. Alianza kwa kasi ya mtu anayejua atakatizwa, maneno yakipandana, na hapo ndipo hakimu alipoinua mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa unaandika, akasema: "Subiri niandike."

Kila kitu kilikuwa kinaandikwa kwa mkono. Hakimu ndiye msikilizaji, ndiye mwandishi, ndiye mwamuzi. Sijui mara ngapi alisema maneno yale asubuhi ile. Subiri niandike. Mama akawa anasubiri, na katika kusubiri akawa anapumua, na kadiri alivyopumua kumbukumbu zikawa zinarudi kwa mpangilio: mwaka wa kiwanja, mwaka wa msingi, mwaka tulioishi kwenye chumba kimoja hakina dari. Alipomaliza, hakimu akamsomea yote aliyoandika, neno kwa neno, akauliza, "Ndivyo ulivyosema?" Mama akasema kuna mahali amekosea, si mabati kumi, ni kumi na mbili. Hakimu akakata kumi, akaandika kumi na mbili.

Mimi sikuwahi kumwona mtu mzima yeyote, mwenye cheo chochote, akisahihishwa na mama yangu na kuliandika sahihisho.

Mabati yale kumi na mawili ndiyo yaliyoamua kesi. Mama alikuwa na daftari la kaunta, lile la kurasa nene, limenuka dagaa hadi leo. Humo kulikuwa na hesabu za sado na madebe, nani amekopa, nani amelipa, na katikati ya hesabu hizo, kwa mwandiko ule ule: mabati 12, misumari ya bati kilo 2, mbao za kenchi, fundi nusu. Hakimu alilipitia ukurasa kwa ukurasa. Kisha akasema jambo ambalo nililielewa miaka mingi baadaye, kwamba kabla mahakama haijazungumzia mali ya marehemu, kwanza ijulikane ipi si ya marehemu. Sehemu ya nyumba ilikuwa ya mama tangu siku ilipoezekwa, haiwezi kugawiwa kwa sababu mwenyewe hajafa. Iliyobaki ni ya watoto. Msimamizi akateuliwa mama. Mzee wa kofia, ambaye kumbe hakuwa amelala, akasema anakubaliana.

Sheria haikuwa upande wetu kiasi hicho, na hapa ndipo habari inapopata uzito. Sheria ya mila ya urithi iliyotumika ni ile iliyowekwa kwenye maandishi kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Inapanga warithi kwa madaraja. Mtoto wa kiume wa kwanza yuko daraja la kwanza, wanaume wengine la pili, mabinti la tatu, tuseme wa mwisho. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka tisa, anaogopa mbuzi, na alikuwa daraja la kwanza. Mimi niliyekuwa nabeba madebe nilikuwa la tatu. Mjane hana fungu kabisa endapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; kanuni inasema fungu lake ni kutunzwa na wanawe kama yeye alivyowatunza. Ukiisoma haraka ina utamu wake. Mwulize mjane yeyote ambaye mkwe wake ndiye anashika funguo.

Hakimu wetu hakuifuta sheria hiyo, hana mamlaka. Alichofanya ni kuuliza swali lililotangulia. Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshauliza swali la ukoo huo huo mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliposema kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lile lilikuwa la talaka, la kwetu la kifo, lakini mantiki ni ndugu: usimhesabie mwanamke sifuri kwa sababu risiti zina jina la mume.

Hapa lazima niseme lililo kweli, hata kama linaharibu slaidi. Hukumu kubwa kuliko zote kuhusu mwanamke na mali ya ukoo katika kanda hii ya ziwa haikuandikwa na mwanamke. Iliandikwa hapa hapa Mwanza, Februari 1990, na Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu. Holaria Pastory, mama wa Kihaya wa Muleba, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988, akiwa mzee na hana wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua, na mpwa akaja Mwanza na rufaa. Mwalusanya akachukua Hati ya Haki, iliyokuwa imeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani miaka minne baadaye, akachukua na mikataba ya kimataifa ambayo nchi ilikuwa imesaini, akasema mwanamke ana haki ile ile ya kuuza aliyonayo mwanamume. Kama ukoo unalitaka shamba, haya, ulikomboe kwa bei ile ile.

Naipenda sana ile sehemu ya mwisho. Mila yenu ni tamu? Laki tatu.

Kwa hiyo mtu anaweza kuniuliza: kama mwanamume ameweza, kuna haja gani ya kuimba habari za jaji mwanamke wa kwanza? Nami nitamjibu kwa kumrudisha kwenye chumba kile cha bati. Miaka kumi na miwili baada ya hukumu ile, kwenye mji ule ule ilikotolewa, kilomita chache kutoka kwenye jengo ilimosomewa, hakuna mtu kwenye kesi yetu aliyekuwa amewahi kuisikia. Si mama, si jirani muuza vikapu, si baba mdogo ambaye angepaswa kuiogopa. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, imefungwa kwenye jalada, inasomwa na wanafunzi wa sheria Dar es Salaam na, naambiwa, hata Marekani. Igogo haikufika. Hukumu haina miguu. Lazima wawepo watu wa kuibeba, na wabebaji hawajitokezi wenyewe, wanaandaliwa.

Kazi hiyo ya kuandaa wabebaji ndiyo ninayoiona kama uongozi, na ndiyo inayonifanya nimtaje Eusebia Munuo. Ni mmoja wa majaji wanawake wa mwanzo nchini, akapanda hadi kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Angeweza kutosheka na hapo. Wengi hutosheka, na hakuna anayewalaumu. Lakini alikuwa miongoni mwa walioasisi Chama cha Majaji Wanawake Tanzania, TAWJA, mwaka 2000. Kitu kinachonivutia kwenye chama hicho ni kwamba jina linasema majaji lakini mahakimu wamo, hadi wale wa mahakama za mwanzo. Wenye majoho mekundu wamekaa na wenye Bic za bluu. Anayeijua Mahakama ya Tanzania na ngazi zake anajua kwamba jambo hilo halikuwa dogo. Kutoka benchi la rufani hadi masijala yenye kopo la chai juu ya majalada ni safari ndefu kuliko Mwanza hadi Bukoba kwa barabara. Mafunzo yakawa yanateremka, namna ya kutumia mikataba ya haki za binadamu kwenye kesi za kawaida za vipigo, talaka na mirathi, mambo yale yale aliyoyafanya Mwalusanya peke yake.

Mwaka 2010 Munuo akawa rais wa Chama cha Kimataifa cha Majaji Wanawake, akakiongoza hadi 2012, na miaka miwili baadaye majaji hao kutoka pande zote za dunia wakakutana Arusha. Lakini si hicho ninachokihesabu zaidi. Ninahesabu neno.

Mwanamke yeyote aliyewahi kununua samaki kwenye mialo ya ziwa hili anajua kwamba kuna bei ya pesa na kuna bei nyingine. Siku mzigo ni mdogo na wanunuzi ni wengi, mwenye mtumbwi anachagua amuuzie nani. Upande wa Kenya, Kisumu na Homa Bay, jambo hilo wamelipa jina, wanaita jaboya. Kwetu lilikuwa linazungumzwa kwa kuzungukwa: yule ana mtu wake, yule anapendwa na nahodha. Mama alikuwa na msemo wake, "leo wamenipimia macho," na mimi mtoto nilidhani ni kipimo kama sado. Kitu kisicho na jina hakiwezi kuandikwa kwenye hati ya mashtaka. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, tayari ilikuwa inakataza mtu mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe huduma au upendeleo, lakini sheria ilikuwa kwenye kitabu na watu walikuwa wakijua rushwa ni noti. TAWJA, kwenye mradi wa chama kile cha kimataifa uliojumuisha pia Ufilipino na Bosnia, wakashika bango la "rushwa ya ngono" na kulizungusha hadi likawa neno la kila mtu. Leo konda wa daladala analijua. Wanafunzi wanalibandika ukutani. Haijamaliza tatizo, nani amesema imemaliza, ila mwanamke akifika kituoni hahitaji tena kuanza na "yaani, nashindwa hata kusema."

Kutoa jina, na kulitoa kwa Kiswahili. Hiyo slaidi haikuwemo.

Kabla ya Munuo kulikuwa na Julie Manning, na yeye ndiye wa kwanza kabisa kwa maana halisi: mwanamke wa kwanza kusomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha mwaka 1973 mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kiti cha jaji wa Mahakama Kuu. Hakukaa sana. Mwaka 1975 Mwalimu akamteua Waziri wa Sheria, yeye na Tabitha Siwale wakawa wanawake wa kwanza kuingia Baraza la Mawaziri. Mara nyingi namfikiria akiingia chumba cha mahakama mwaka ule, mawakili wote wanaume, makarani wanaume, wameshazoea kuinama na kusema neno la heshima linalomhusu mwanamume, na lazima mtu wa kwanza siku ile alijing'ata ulimi.

Na ng'ambo ya maji yetu haya kuna Julia Sebutinde, aliyesoma shule ya msingi Entebbe, pwani ya kaskazini ya ziwa hili hili ninaloliona kupitia dirisha. Ni mwanamke wa kwanza wa Kiafrika katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyopo The Hague, tangu 2012. Alikuwa mmoja wa majaji waliosikiliza kesi ya Charles Taylor, rais wa zamani wa Liberia. Kabla ya hapo, nyumbani Uganda, aliongoza tume iliyowahoji wakubwa wa polisi hadharani mpaka wakatokwa jasho. Januari 2024, kwenye shauri la Afrika Kusini dhidi ya Israeli kuhusu Gaza, alikuwa jaji pekee aliyepiga kura kupinga hatua zote za dharura zilizoamriwa, na nchi yake ikatoka kusema huo si msimamo wa Uganda. Mimi sikukubaliana naye, na bado sikubaliani. Namtaja ili tusidanganyane kwamba mwanamke wa kwanza atakuwa mwanamke wetu siku zote. Akikaa pale si mwakilishi wa akina mama wala wa ziwa. Kama tungetaka mtu wa kukubaliana na sisi, tungechagua mbunge.

Tena nisiwapambe wanawake kupita kiasi kwa sababu nyingine. Sheria ile ya 1963 ipo. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba ni ya kibaguzi, kisha ikakataa kuifuta, kwa hoja kwamba kubadili mila kwa amri ya mahakama kungeleta vurugu. Rufaa yao ikaangukia kwenye kasoro za kiufundi. Wakaenda hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imewakosea. Walikuwa mafundi cherehani. Hesabu mwenyewe nguo ngapi hazikushonwa kwa miaka yote hiyo. Mama alipoteza siku nne za giza, na hadi leo huzitaja.

Mwaka 2019 nilikuwa narudi kutoka Nansio kwa meli. Kwenye benchi la mbele yangu alikaa bibi mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, kapu la machungwa ya Ukerewe katikati ya miguu. Nilimtazama kwa nusu saa kabla ya kujipa moyo.

"Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba. Mheshimiwa nani, nimestaafu mimi. Wewe mtoto wa nani?"

Nikamwambia. Igogo, mirathi, mwaka 2002, fundi mitumbwi, mjane muuza dagaa. Alinisikiliza vizuri, akakunja uso, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, zilikuwa nyingi."

"Ile ya mabati ya dagaa. Kumi na mawili."

"Zote zilikuwa za mabati," akasema, akacheka. Kisha akauliza, kwa hamu ya kweli kabisa, "Tuliamuaje?"

Nikamweleza. Akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za mtu mwingine. Akauliza kama mjomba alikata rufaa. Nikasema ni baba mdogo, na hakukata. "Alikuwa na siku thelathini," akasema, na kwa mara ya kwanza akaonekana kama nilivyomkumbuka.

Nikamwuliza kwa nini alikuwa akiandika vile, polepole, na kusoma tena. Nilitegemea aniambie habari za utu wa mjane, au za semina fulani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anatia chumvi kwenye mboga.

"Wilaya wakiliita jalada, mimi siendi nalo," akasema. "Wala mama yako haendi. Inakwenda karatasi. Kama hayumo kwenye karatasi, hayumo."

Meli ikaanza kupunguza mwendo. Miamba ya Mwanza ikajitokeza, ile ya kawaida, kama mtu amepanga mizigo akasahau kurudi kuichukua. Nilimsaidia kapu hadi chini. Pale bandarini kijana wa mkokoteni akatufuata, akaniambia mimi, "Dada, bibi nampeleka hadi stendi elfu tatu."

"Ongea na mimi," akasema mheshimiwa. "Machungwa ni yangu." Wakaanza kubishana bei, na alimshusha hadi elfu moja na mia tano.